Dhamira Haionekani? Anza na Dalili Uliyo Nayo

Kila daftari zinaporudi mezani kwangu, makosa ya dhamira huwa ni yale yale. Mwanafunzi amekisoma kitabu, anawajua wahusika kwa majina, anakumbuka hadi nani alimwandikia nani barua, lakini akiulizwa kitabu kinasema nini, anakwama. Nimeyapanga makosa hayo kwa maneno ambayo wanafunzi wenyewe huyalalamikia. Tafuta lalamiko linalofanana na lako. Anza na chanzo cha kwanza, maana ndicho kinachowapata wengi, na usikimbilie marekebisho mazito kabla ya ukaguzi mwepesi.

Mifano yangu inatoka katika kazi nne: Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), na shairi kongwe la Al-Inkishafi. Kama hujazisoma zote, usijali, nitakupa kisa kwa kadiri kinavyohitajika.

Kabla ya yote: neno lenyewe lina maana gani darasani kwako?

Nusu saa ya mateso huokolewa hapa. Katika shule za sekondari za Tanzania, maudhui ni jumla ya yote yanayosemwa na kazi: dhamira, migogoro, ujumbe, mtazamo, msimamo na falsafa. Dhamira ni tawi mojawapo, nayo hugawanywa kuwa kuu na ndogondogo. Nchini Kenya, kile ambacho Mtanzania anakiita dhamira mara nyingi huitwa maudhui, na neno dhamira huachiwa lengo au shabaha ya mwandishi. Ukisoma mwongozo uliochapishwa Nairobi huku mtihani wako ni wa Dar es Salaam, au kinyume chake, unaweza kujibu vizuri sana swali ambalo hukuulizwa. Uliza mwalimu wako anatumia mgawanyo upi. Mimi hapa nitasema dhamira kwa maana ya kile ambacho kazi inakisema kuhusu jambo inaloligusa.

Dalili ya 1: "Nimeandika 'malezi', mwalimu ameandika pembeni 'malezi yamefanya nini?'"

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ninalipa nafasi kubwa kwa sababu ukilitibu hili, mengine mawili matatu hupona yenyewe.

Chanzo cha kawaida: umetaja mada ukadhani umetaja dhamira. Malezi, ukoloni, mapenzi, rushwa, nafasi ya mwanamke, hayo ni majina ya mambo. Ukisema "kitabu hiki kinahusu malezi" umetuonyesha mlango tu. Dhamira ni kauli kamili, ina kiima na kiarifu, na mtu anaweza kuipinga.

Chanzo cha pili: umefundishwa orodha kabla ya kusoma. Hili ni kosa letu walimu. Nimewahi kuandika dhamira saba ubaoni siku ya kwanza ya kitabu, na darasa zima likasoma riwaya nzima likitafuta yale maneno saba kama anayechambua mchele gizani. Waliyapata yote saba. Hakuna aliyeniambia kitabu kinasema nini.

Chanzo cha tatu, nacho ni cha nadra: kazi yenyewe ni fupi au ni dondoo tu, na kweli haijafika mbali kuliko kutaja jambo.

Ukaguzi mwepesi: je, mtu mwenye akili timamu anaweza kubishana na ulichoandika? Hakuna anayeweza kubishana na "malezi".

Marekebisho: peleka lile neno lako kwenye maswali matatu, kwa mpangilio huu. Nani anatendewa jambo hili na nani? Likishatendeka, kinafuata nini? Nani analipa gharama yake mwishoni?

Tujaribu na Rosa Mistika. Nani anamlea nani? Zakaria, baba mlevi, anamchunga binti yake Rosa kwa fimbo. Barua ya mvulana inapopatikana, Rosa anapigwa. Kinafuata nini? Rosa anatoka nyumbani kwenda shule akiwa anawaogopa wanaume, na hana alichoambiwa kuwahusu zaidi ya hofu. Baba anapokuwa mbali, uhuru unamkuta hana cha kuupimia. Nani analipa? Rosa analipa kwa maisha yake. Sasa unaweza kuandika: malezi ya fimbo yasiyo na mazungumzo hayamlindi mtoto, humtoa nyumbani akiwa na woga lakini hana uwezo wa kuchagua. Kauli hiyo mtu anaweza kuipinga, na ukurasa wa kitabu unaweza kuitetea.

Tofauti hii ya mada na dhamira si ya mtihani tu. Riwaya hii iliwahi kuzuiwa katika shule za Tanzania kwa kuonekana haina maadili. Aliyesoma mada aliona binti anayelala na wanaume. Aliyesoma dhamira aliona mashtaka makali dhidi ya wazazi wanaodhani ukali ndio ulinzi. Watu hao wawili walishika kitabu kimoja.

Dalili ya 2: "Ninaambiwa nimesimulia hadithi badala ya kujibu"

Chanzo cha kwanza ni hofu. Hujiamini kwamba kauli yako inasimama, kwa hiyo unamwaga matukio yote ukitumaini mwalimu ataiokota dhamira humo mwenyewe. Chanzo cha pili ni kutojua tukio lipi limebeba uzito na lipi ni la kupitisha muda.

Ukaguzi mwepesi: chukua penseli, kata majina yote ya wahusika katika aya yako, halafu soma kilichobaki. Kama hakibaki kitu cha maana, umesimulia. Kama inabaki kauli inayoeleweka hata na asiyekijua kitabu, upo njiani.

Marekebisho ya kina: tafuta marudio. Mwandishi hana sababu ya kurudia jambo kwa bahati mbaya. Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa kwa kuanzisha elimu ya sheria katika nchi inayoelea angani. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali. Kila mmoja anarudi na mambo ya kuifaa nchi, na kila mmoja anaishia kufungwa. Mwanafunzi huwa anaona tabu: "Mbona ni kisa kimoja mara sita?" Naam! Hapo ndipo pa kusimama. Angefungwa mmoja, tungesema amepata hakimu mbaya. Wakifungwa sita, tatizo ni utaratibu wa nchi unaomwadhibu anayeleta jambo jipya. Huhitaji kusimulia safari zote sita. Andika kauli, taja safari moja kwa undani, kisha useme mara tano zaidi mambo yanakwenda vivyo hivyo.

Halafu angalia mwisho, maana marudio yanapovunjika ndipo kazi inaposema kwa sauti zaidi. Karama hafungwi. Anaachiliwa, na waliofungwa kabla yake wanafunguliwa. Ukiandika kwamba riwaya inasema mnyonge hana tumaini, ukurasa wa mwisho utakukana. Kumbuka pia mwaka wa kuchapishwa, 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Nchi ya angani iliweza kusema ambayo nchi ya ardhini ilikuwa na shida kuyasema.

Dalili ya 3: "Kila kazi ninayosoma, dhamira yake inageuka methali"

Umoja ni nguvu. Tamaa mbele mauti nyuma. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikisahihisha majibu ya aina hii najua mwanafunzi hakukosea kabisa, ameishia katikati.

Chanzo cha kwanza: tumelelewa na ngano, na ngano nyingi humalizika na funzo. Tunazoea kuvuna funzo na kuondoka. Chanzo cha pili: methali inatoa usalama, kwani haiwezi kuwa uongo mtupu. Chanzo cha tatu: hukuona kitu katika kazi kinachoipinga methali yako, au ulikiona ukakiruka.

Ukaguzi mwepesi: methali uliyoandika ingefaa vitabu vingine kumi? Kama ndiyo, haijakigusa kitabu hiki bado.

Hata ngano yenyewe ina zaidi ya funzo. Mchukue fisi wa njia panda, yule aliyesikia harufu ya nyama kutoka njia zote mbili, akataka kuzifuata zote kwa pamoja hadi akapasuka. Wote husema tamaa. Lakini mtazame vizuri: hafi kwa kula kupita kiasi. Anakufa akiwa na njaa, hajaonja kipande. Kilichomuua ni kukataa kuchagua. Ndiyo maana watu husema njia mbili zilimshinda fisi, na hawasemi nyama ilimshinda.

Marekebisho ya kina: itafute sehemu ya kazi inayoisumbua methali yako, kisha uandike upya kauli yako mpaka iibebe na sehemu hiyo. Hakuna kazi inayofundisha hili vizuri kuliko Kinjeketile, tamthilia ya mtu anayewapa watu maji ya kuwakinga na risasi ili wapigane na Wajerumani.

Wanafunzi huleta majibu mawili. Wa kwanza: umoja ni nguvu, kwa kuwa maji ya Kinjeketile yanawaunganisha watu wa makabila yaliyokuwa yakitiliana shaka. Wa pili: ushirikina huangamiza, kwa kuwa watu wanaamini maji yatawakinga na risasi, nao wanakufa. Kila mmoja ameshika nusu, na nusu hizo mbili zinagombana. Kitu kile kile kilichowaunganisha ndicho kilichowaua. Methali haina nafasi ya kubeba mambo mawili hayo.

Ongeza sasa vitu viwili vinavyosumbua zaidi. Kinjeketile mwenyewe anaingiwa na shaka. Anagundua kwamba katika maneno yaliyotoka kinywani mwake alipopandwa na mzimu, watu waliambiwa watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, yaani watoke mkononi mwa mtawala mmoja waangukie kwa mwingine. Anataka wasubiri, lakini neno limeshamtoka na watu hawasubiri. Halafu mwishoni, amefungwa na Wajerumani, anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Kama tamthilia ingetaka kusema ushirikina ni mbaya, basi hapo ndipo mahali pa kumfanya akiri. Mwandishi amemnyima nafasi hiyo makusudi. Kinjeketile anaona kwamba akikana, watoto watakaokuja wataambiwa kuwa wazee wao walikosea kupigana.

Kwa hiyo kauli inaweza kuwa hivi: imani iliyowaunganisha wanyonge ndiyo iliyowapeleka kwenye mauti, lakini wazo la kukataa kutawaliwa, likishazaliwa, halimtegemei tena aliyelitamka. Imekuwa ndefu, na inastahili. Haiwezi kukifaa kitabu kingine.

Tahadhari hapa. Vita vya Maji Maji ni historia, vilipiganwa 1905 hadi 1907, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mwanzoni mwa vita hivyo. Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa. Usitumie jambo ulilolisoma kwenye somo la Historia kuwa ushahidi wa dhamira ya tamthilia ikiwa halimo katika tamthilia. Historia itakusaidia kuelewa kwa nini jambo lile liliwagusa watazamaji wa mwaka 1969, miaka minane tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, walipokuwa wakijiuliza wameufanyia nini uhuru huo. Hapo inakufaa sana.

Dalili ya 4: "Nimenukuu maneno ya mhusika, nikaambiwa siyo msimamo wa kazi"

Chanzo ni kimoja karibu kila mara: mhusika amesema kwa ufasaha ukamwamini. Waziri Majivuno katika Kusadikika anamshtaki Karama kwa maneno ya kupendeza, na jina lake lenyewe linakuonya. Jiulize: baada ya kusema hivyo, mambo yanamwendeaje? Kazi inampa haki au inamwumbua? Chukua maneno yake pamoja na matokeo yake, usiyachukue peke yake.

Dalili ya 5: "Nina dhamira kumi na mbili, sijui ipi ni kuu"

Fikiria umeifuta mojawapo katika kazi. Kama kazi bado inasimama, na mwanzo bado unaufikia mwisho, hiyo ilikuwa ndogo. Ile ambayo ukiifuta mwisho wa kazi unakosa maana ndiyo kuu. Mara nyingi utagundua pia kwamba tano kati ya kumi na mbili ni kauli moja iliyovaa nguo tofauti. Ziunganishe.

Dalili ya 6: "Hili ni shairi, halina hadithi, sioni kitu"

Chanzo cha kwanza ni msamiati. Kabla hujalaumu akili yako, hesabu maneno usiyoyajua. Yakizidi matatu katika ubeti mmoja, hujafika kwenye dhamira, bado uko kwenye lugha. Chanzo cha pili: unatafuta matukio mahali ambapo kuna picha na sauti. Chanzo cha tatu: hukujiuliza anayesema anamwambia nani.

Ukaguzi mwepesi kwa mashairi ya kimapokeo: soma mstari wa mwisho wa kila ubeti peke yake, kutoka juu hadi chini. Kama ni kiitikio kinachorudiwa, mtunzi amekupa kauli yake mkononi. Kama ni kimalizio kinachobadilika, fuata kinavyobadilika.

Marekebisho ya kina nayaonyesha kwa Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyeushuhudia mji wa Pate, katika pwani ya kaskazini ya Kenya, baada ya fahari yake kuporomoka. Jibu la haraka ni kwamba dunia ni mapito. Ni kweli, na ni methali tena, rudi Dalili ya 3. Tazama picha. Katika nyumba za wakwasi kulikuwa na madaka ukutani ya kupangia sahani. Mshairi anatuonyesha madaka yale yale, sasa makinda ya ndege ndiyo yanayolala humo. Hakusema tu kwamba mali imekwisha. Amekuonyesha nafasi ile ile ya mapambo imepata mpangaji asiyejua hata ilikuwa ya nini.

Halafu jiulize anamwambia nani. Anausemesha moyo wake mwenyewe, anausuta. Kwangu hapa ndipo shairi linapouma: mtu hauonyi moyo uliokwisha kuachana na dunia. Moyo wake bado unaitaka ile fahari, na ndiyo maana anaieleza kwa uzuri namna ile, taa, vyumba na mapambo, kabla ya kuyabomoa mbele ya macho yetu. Dhamira yake imo katika mvutano huo: anayejua kabisa kwamba dunia inapita bado anaipenda, na kujua kwake hakutoshi kumwachisha.

Simama hapa ukamtafute mjuzi: Al-Inkishafi imeandikwa kwa Kiswahili cha kaskazini, na ndege wale wanaitwa nyuni. Ukikutana na maneno ya namna hii mengi mfululizo, usibahatishe kwa kufananisha sauti na Kiswahili sanifu. Mtafute mwalimu aliyebobea katika ushairi, au mzee anayesema Kiamu au Kipate (lahaja za Lamu na Pate), au chapa ya shairi yenye ufafanuzi wa maneno. Neno moja ulilolikisia vibaya linaweza kukugeuzia ubeti mzima, na dhamira utakayoijenga juu yake itaanguka nalo.

Dalili ya 7: "Dhamira yangu hailingani na ya mwongozo"

Chanzo cha kwanza, ni vizuri kukikubali: huna ushahidi. Fungua kitabu, tafuta sehemu tatu zinazoitetea kauli yako, moja mwanzoni, moja katikati na moja mwishoni. Ukiipata moja tu, kauli yako inahusu sura, haihusu kitabu. Chanzo cha pili: mwongozo umeandikwa kwa haraka na mtu aliyesoma muhtasari. Ipo miongozo yenye makosa ya majina ya wahusika, na anayekosea jina la mhusika usimwamini kwa dhamira. Chanzo cha tatu: nyote mko sawa. Kazi nzuri hubeba zaidi ya kauli moja.

Ukiwa na sehemu zako tatu, usiifute kauli yako kwa sababu tu haimo katika mwongozo. Mpelekee mwalimu pamoja na namba za kurasa. Lakini kama mtihani ni kesho asubuhi, usianze kubadilisha msimamo usiku. Andika ulichoweza kukitetea, ulale.

Dalili ya 8: "Nikifika sehemu fulani siwezi kuendelea kusoma"

Dalili hii huwa haisemwi. Mwanafunzi hubaki nyuma, daftari tupu, na mwalimu anadhani ni uvivu. Chanzo cha kawaida ni uchovu au kitabu kutokukuvutia, na hapo pumziko la siku moja linatosha. Lakini kipo chanzo kingine. Vitabu vya fasihi tunavyosomesha vina vipigo vya nyumbani, ubakaji, misiba, na Rosa Mistika ina kujiua. Wapo wanaosoma hayo wakiwa wameyapitia.

Ukaguzi: je, kinachokuzuia ni kurasa hizo tu, na unapozisoma mwili unatetemeka, usingizi unakataa, au unajiona wewe ndiye uliyemo?

Kama ndivyo, funga kitabu. Uchambuzi hautibu jambo hilo. Mwendee mtu mzima unayemwamini, mwalimu wa ushauri nasaha, muuguzi au daktari, kiongozi wa dini, shangazi. Na kama umeanza kufikiria kujidhuru, mwambie leo hii, usisubiri vipindi viishe. Kuhusu somo, mwalimu wa fasihi si lazima aambiwe kilichokupata, mwambie tu kwamba kitabu hicho hukiwezi kwa sasa. Mara nyingi vitabu vilivyoteuliwa ni zaidi ya kimoja, na unaweza kujiandaa kwa kingine.